Mashaka ya Wazee Wetu Katika Nchi ya Ruvuma

Lugha yetu ina neno moja, mashaka, litumikalo kwa mambo mawili. Mtu aliyepatwa na njaa au vita au msiba, twasema yumo katika mashaka. Na mtu ambaye moyo wake hauna yakini, asiyejua kama aliyoyaamini ni kweli au sivyo, huyo naye twasema ana mashaka. Twadhani wazee waliotuachia lugha hii walikuwa na busara, maana shaka la moyo mara nyingi huingia kwa mlango ule ule ulioingiza shida ya mwili. Katika kitabu hiki cha yubilei wengine wameandika habari za maaskofu, na za makanisa, na za shule na hospitali. Sisi tumeombwa kuandika habari za Wakristo wa kwanza wa nchi hii, tangu mlango wa Ruvuma na Mikindani hata Masasi na Newala, jinsi walivyoishika imani katika mashaka ya namna zote mbili.

Mwanzo wenyewe ulikuwa wa kushindwa. Mwezi wa Machi 1861 Askofu Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa misioni ya UMCA, alifika mlango wa Ruvuma pamoja na Daktari Livingstone katika meli iliyoitwa Pioneer. Kila akaaye pwani ya Mtwara aujua mlango ule, mikoko yake na mafungu yake ya mchanga, na jinsi maji ya kiangazi yanavyomdanganya nahodha. Wakapanda mto kidogo, maji yakapungua, wakaogopa meli isije ikakwama, wakarudi baharini. Askofu akaenda kuingia barani kwa njia ya mto Zambezi na mto Shire, na huko tarehe 31 Januari 1862 akafa kwa homa, dawa zao zikiwa zimezama mtumbwi ulipopinduka. Aliyemfuata, Askofu Tozer, aliiondoa misioni huko, na mwaka 1864 akaipeleka Unguja. Basi watu wa Ruvuma waliiona Injili ikija mlangoni kwao kwa meli, kisha wakaiona ikigeuka na kwenda zake.

Ilirudi baada ya miaka kumi na mitano, wala haikurudi kwa mto. Ilirudi kwa miguu, mabegani mwa watu walioijua njia ile kwa uchungu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na misioni ikawa na watu wengi waliookolewa katika majahazi, Wayao na Wanyasa na Wamakua, ambao wazee wetu waliwaita mahuru. Wengi wao walitaka kurudi bara, karibu na kwao. Mwezi wa Oktoba 1876 Askofu Edward Steere akaondoka Unguja pamoja nao, wanaume na wanawake hamsini na watano, wakashuka Lindi, wakashika njia ya bara. Askofu alitazamia kufika mbali zaidi, ng'ambo ya Ruvuma, katika nchi ya Wayao wa Mataka. Lakini walipofika Masasi, wakaona milima ya mawe na maji na udongo mzuri, wakakaa hapo, wakajenga kijiji.

Twaomba msomaji afikiri kidogo juu ya safari ile. Wengine kati yao waliwahi kuipita nchi ya kusini wakiwa watoto, shingo zao zimefungwa, wakishuka Kilwa au Lindi au Mikindani kwenda kuuzwa. Sasa walikuwa wakipanda kutoka pwani wakiwa huru, wanachukua majembe na vitabu, na mbele yao aenda askofu. Ikiwa kuna watu walioweza kusema wameuona kwa macho yao wokovu wa Mungu, ndio hao. Kwa sababu hiyo jambo lililowapata baada ya miaka sita lilikuwa zito mno.

Mwishoni mwa Agosti 1882 Askofu Steere alifariki Unguja. Majuma machache baadaye, mwezi wa Septemba, Wagwangwara, ndio Wangoni wa upande wa Songea, waliishukia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, na wengine wakatekwa, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaongozwa kwenda magharibi. Watu waliokwisha kukombolewa utumwani mara moja wakafungwa tena kamba. Padre Porter wa misioni aliwafuata mpaka nchi ya Wagwangwara ili apate kuwakomboa, na safari ile ilikuwa ya hatari kubwa, lakini si wote waliorudi.

Habari hii husimuliwa upesi katika vitabu vingi: Masasi ikachomwa, misioni ikahamia Newala, kazi ikaendelea. Sisi hatupendi kuipita upesi hivyo. Mama aliyetolewa katika jahazi, akafundishwa kwamba Mungu amemtoa utumwani kama alivyowatoa wana wa Israeli Misri, akabatizwa, akaolewa, akalima shamba lake Masasi, kisha akamwona mtoto wake akichukuliwa na mateka, huyu angeomba vipi usiku ule? Wana wa Israeli hawakurudishwa Misri. Twaamini kwamba katika vichaka vya milima ya Masasi, mwezi ule wa Septemba, yalisemwa maneno ambayo hayakuandikwa na padre yeyote, na Mungu aliyasikia kama alivyoyasikia ya Ayubu. Wako walioiacha imani wakati ule, wakarudia mila zao za kwanza, au wakaenda zao tu wasijulikane tena. Hatuwezi kuwahukumu. Bali wako waliokusanyika tena, na hao ndio mzizi wetu.

Walikusanyikia Newala, katika nchi ya juu inayotazama bonde la Ruvuma, kwa sababu huko alikuwapo Matola, mkuu wa Wayao, aliyekubali kuwapokea. Jambo hili nalo latupasa kulikumbuka: kanisa la nchi hii lilipokuwa halina paa lilikaa katika kivuli cha mkuu ambaye hakuwa Mkristo. Hakudai kwanza waiache sala yao. Aliwapa mahali. Na Masasi haikuachwa. Baada ya muda watu walirudi, wakajenga tena.

Katika miaka hiyo ndipo tunapomwona Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, alitekwa utotoni akauzwa, akaokolewa, akalelewa na misioni Unguja, akasoma Kiungani, akapelekwa hata Canterbury huko Uingereza. Mwaka 1886 akafanywa shemasi, na mwaka 1890 Askofu Smythies akamtia upadre, Mwafrika wa kwanza kupewa daraja hiyo katika misioni yetu. Akawekwa Chitangali, kwa Wayao wa Nakaam, akakaa huko yapata miaka kumi na mkewe na watoto wake. Wazungu walikuwa mbali. Alifundisha, akabatiza, akaamua magomvi, akazika wafu, na Nakaam mwenyewe, mkuu wa nchi, akabatizwa kwa jina la Barnaba. Ukipima kazi kwa matunda yake, hatujui kama palikuwa na mtaa uliozaa kuliko Chitangali siku zile.

Mwaka 1897 Majaliwa alirudi Unguja. Baada yake wenyeji waliendelea kufanywa mapadre, lakini uongozi ulikaa mikononi mwa wazungu muda mrefu, na mapadre wetu waliozeeka katika kazi waliweza kuwekwa chini ya kijana aliyeshuka melini jana. Twasema jambo hili bila hasira, maana ni habari inayojulikana, na mashaka ya namna hii nayo ni mashaka. Adui akikuchomea nyumba, wamjua kuwa ni adui. Lakini aliyekufundisha kwamba wote ni wana wa Baba mmoja akikuweka nyuma, hapo moyo hupata taabu ya kuuliza ni lipi la kushika, maneno yake au matendo yake. Mapadre na walimu wetu walishika maneno, kwa kuwa walijua kwamba maneno hayo hayakuwa ya mzungu. Tangu upadre wa Majaliwa hata mwaka 1968, Hilary Chisonga alipokuwa askofu wa Masasi baada ya Trevor Huddleston, ni miaka sabini na minane.

Sasa twaja kwenye mwaka 1905, mwaka wa Majimaji. Sababu za vita vile zajulikana: kodi, na kulimishwa pamba kwa nguvu, na viboko vya maakida wa Wadachi. Walioinuka walikuwa na haki ya kulia, na leo taifa lawaheshimu, nasi twawaheshimu. Katika nchi ya Wamatumbi, Kinjeketile wa Ngarambe aliwapa watu maji, akawaambia kwamba risasi za Wadachi hazitawadhuru. Habari ikaenea kusini kama moto wa Septemba. Tarehe 14 Agosti askofu wa Wabenedikto, Cassian Spiss, aliuawa huko Mikukuyumbu, njia ya kwenda Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Vituo vya Wakatoliki vya Lukuledi na Nyangao vikachomwa, na Sista Walburga Diepolder akauawa katika kukimbia kutoka Nyangao. Misioni yetu ya Masasi nayo ikachomwa, mara ya pili. Wazungu wakashuka pwani kuokoa maisha yao.

Wakristo wenyeji walibaki kati ya vinywa viwili. Jirani na ndugu wanakuja na maji, wanasema, kunyweni nasi, tumechoka. Kukataa ni kuonekana kibaraka wa Mdachi. Kukubali ni kusema kwamba ubatizo haukutosha. Twadhani jambo la kufikiriwa sana ni hili, kwamba yalikuwako maji mawili katika nchi mwaka ule. Maji ya Ngarambe yaliahidi kwamba mwili hautapasuliwa na risasi. Maji ya ubatizo hayakuahidi hivyo hata siku moja. Walioyapokea walifundishwa tangu siku ya kwanza juu ya Bwana aliyetundikwa, na alama ya msalaba ikatiwa katika paji la uso wao. Kwa hiyo misioni ilipoungua Wakristo walihuzunika, lakini ahadi waliyopewa haikuvunjika, kwa kuwa hapakuwa na ahadi ya kuzuia moto. Wenzao waliokimbilia bunduki wakiitumaini dawa, wakaanguka kwa mamia, walipata uchungu tusioweza kuupima. Baadhi ya wazao wao baadaye waliingia katika makanisa yetu, nao wakaleta uchungu huo pamoja nao.

Upande wa kwetu, Barnaba Nakaam na Matola wa pili hawakujiunga na vita, na watu wao walisaidia kuilinda nchi ya Wayao hata wapagazi wa vita walipopita. Watu hawakubaliani juu ya jambo hili mpaka leo, wengine wakisema waliokoa roho za wengi, na wengine wakisema walimsaidia mtawala. Hatulikati hapa. Lililo wazi ni kwamba Wadachi walipolipiza walichoma mashamba na ghala, ikaja njaa kubwa. Wao wenyewe walihesabu waliokufa kuwa 75,000. Wataalamu wa historia wa baadaye wasema huenda walifika 250,000 na kuzidi. Mwaka uliofuata, 1906, Wabenedikto walianza Ndanda, kazi isiyosimama hata sasa.

Lakini jaribu lililoonyesha kwa hakika imani hii ni ya nani lilikuja mwaka 1914. Vita vya wazungu vilipoanza Ulaya, Wadachi waliwakamata wamisionari wa UMCA kwa kuwa Waingereza, wakawafunga, na wengi hawakufunguliwa mpaka Tabora ilipotekwa Septemba 1916. Ghafula mitaa yetu ikawa haina mzungu. Kulikuwa na mapadre wachache wa kwetu, na mashemasi, na walimu. Hao walimu ndio tunaotaka kuwataja, ingawa majina ya wengi hayamo katika vitabu. Mwalimu wa kijiji alikuwa na kitabu cha sala, na vitabu vichache vya kusomea, na kengele au kipande cha chuma cha kugonga. Mshahara haukuja. Padre alipita mara chache, au hakupita. Mwalimu akagonga chuma asubuhi, akasali na waliokuja, akafundisha watoto kuandika mchangani, akaenda shambani, jioni akagonga tena.

Na wanafunzi wake waliuliza. Walikuwa na haki ya kuuliza, maana Wadachi ni Wakristo na Waingereza ni Wakristo, wale wale waliotuletea habari ya amani, na sasa wauana, nao watuchukua sisi tuwabebee risasi. Vijana walikamatwa kuwa wapagazi wa jeshi hili na jeshi lile, wakafa njiani kwa homa na kuhara na njaa. Askofu Frank Weston wa Unguja alikwenda mwenyewe mwaka 1916 pamoja na wapagazi wa Unguja, akatembea nao, lakini hao walikuwa wachache katika wengi. Mwaka 1917 vita vikafika mlangoni kwetu. Oktoba walipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, siku nne, na wengi wakaanguka pande zote mbili. Na tarehe 25 Novemba Jenerali von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma huko Ngomano. Majeshi yote yalikula chakula cha nchi. Baada yake ikaja njaa, na mwaka 1918 ikaja ile homa ya mafua iliyoua duniani kote.

Mwalimu wa kijiji angejibu nini? Hakuwa na elimu ya mambo ya Ulaya. Twaona kwamba jibu lake lilikuwa ile kengele. Hatusemi hivyo kwa kupamba maneno. Mtu ambaye hana jibu, naye akaendelea kuwakusanya watu kila asubuhi, anawaambia jambo ambalo mwenye majibu mengi hawezi kuwaambia. Wamisionari waliporudi walikuta Wakristo. Wengine walikuwa wameoa wake wawili, wengine wameacha sala, na shule nyingi zimeanguka. Lakini Wakristo walikuwako, na wakatekumeni wapya walikuwako ambao mzungu hakuwafundisha. Miaka minane baada ya vita, mwaka 1926, nchi hii ikatengwa na Unguja, ikawa dayosisi yake yenyewe, na Vincent Lucas akawa askofu wake wa kwanza. Dayosisi haiwezi kuzaliwa pasipo watu, na watu hao ndio waliolindwa na kengele zile.

Juu ya Askofu Lucas twaongeza neno moja tu. Yeye aliona shaka jingine la Wakristo wetu, ambalo halikutoka kwa adui wala njaa: mzazi alitaka mtoto wake awe Mkristo, lakini pia awe mtu kati ya watu, apitie jando kama baba zake. Akaruhusu jando la Kikristo, lenye sala na padre, na mafundisho ya wazee yaliyochujwa. Wengine walimlaumu wakati ule, na wengine wamlaumu hata sasa. Sisi twaona kwamba aliwaondolea watu wengi mzigo wa kuwa na nyoyo mbili.

Pwani ilichelewa. Mikindani na vijiji vya mlango wa Ruvuma ni nchi ya Waislamu tangu karne nyingi, na Mkristo huko alikuwa mgeni, karani au mpagazi. Mambo yakabadilika ulipoanza mpango wa karanga mwaka 1947. Reli ikajengwa kwenda Nachingwea, bandari ya Mtwara ikachimbwa, na watu wa bara wakashuka kutafuta kazi, nao wakashuka na vitabu vyao vya sala. Mpango wa karanga ukafa mwaka 1951, na reli yenyewe ikang'olewa baadaye, lakini watu walibaki, na makanisa ya Mtwara mjini yakakua kutoka katika masalio ya mradi ulioshindwa. Wazee wa Kiislamu waliwapa viwanja na maji, wakahudhuria misiba yao, nao wakahudhuria ya wenyeji wao. Kisha kuanzia 1964, vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza, Wamakonde walivuka Ruvuma kwa maelfu, wengi wao Wakatoliki wa Mueda, wakasali katika vibanda vya majani mpaka walipoweza kurudi kwao, na wengine hawakurudi.

Mto huo umevukwa tena katika siku zetu. Tangu Oktoba 2017 vita vya Cabo Delgado vimewaua Wakristo na Waislamu pasipo kuchagua. Oktoba 2020 wauaji walivuka wakashambulia Kitaya, upande wetu; Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, watu wakakimbia kwa mitumbwi na kwa miguu. Sisi walimu wa vijiji tuliulizwa maneno yale yale waliyoulizwa walimu wa 1917, na mara nyingi aliyeuliza alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni. Wengine wetu walijibu kwa maandiko. Wengine walikaa naye chini, wakanyamaza. Majumapili ya miezi ile, katika vijiji kadhaa vya ukingo wa mto, waliokuja kusali walikuwa saba au kumi, mlango ukiwa wazi na mtu mmoja amesimama nje akitazama njia. Litania ikasomwa yote, pamoja na ombi la kuwaombea adui zetu, na ombi lile likasomwa kwa sauti ndogo.